Herufi na Hisia: Kuchagua Fonti za Mabango, Kadi na Vitabu vya Ibada Parokiani

Karibu kila juma kuna kitu kinachochapwa katika parokia na vigango vya Jimbo Kuu la Dodoma. Leo ni tanzia ya mzee wa jumuiya, kesho ni kadi ya mchango wa harusi, keshokutwa ni bango la jubilei ya padre, karatasi ya nyimbo za kwaya, fulana za VIWAWA au tangazo la kuandikisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Zamani kazi hizo zilipelekwa kwa fundi mchapaji aliyekuwa na aina chache za herufi. Siku hizi hufanywa na kijana wa parokia kwenye kompyuta, au hata kwenye simu ya mkononi, kisha hupelekwa steshenari. Kijana huyo akifungua orodha ya fonti, yaani aina za herufi za chapa, hukuta mamia mbele yake, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuchagua.

Makala hii ni kwa ajili yake. Ni kwa ajili pia ya viongozi wa halmashauri ya walei na wenyeviti wa kamati, ambao huoneshwa kazi iliyokwisha kuandaliwa na kuombwa kuiidhinisha, wakabaki wakisema tu kwamba imependeza au haikupendeza. Fonti hunena kabla neno halijasomwa. Mtu anapopewa karatasi, jicho hutangulia kupokea umbo: zito au jepesi, lenye utulivu au lenye kelele, la sherehe au la maombolezo. Maneno huja baadaye, na hukuta moyo umekwisha kuandaliwa vyema au vibaya. Kwa hiyo, mintarafu ya kazi za Kanisa, tunashikilia jambo moja: hisia inayopaswa kutangulizwa ni ile ya msomaji katika hali aliyo nayo. Furaha ya mwandaaji kwa fonti mpya aliyoipata ni jambo la pili kabisa.

Kanisa lilianza lini kujali umbo la herufi

Wapo wanaodhani kwamba suala hili limeletwa na kompyuta. Injili ya Yohane, sura ya 19, inasimulia kwamba anwani iliyowekwa juu ya Msalaba iliandikwa kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, na kwamba Wayahudi wengi waliisoma kwa sababu mahali pale palikuwa karibu na mji. Hata tangazo lile la Pilato, lililoandikwa kwa nia isiyo njema, lilizingatia nani anapita na anaweza kusoma nini.

Papa Mtakatifu Damaso I, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 366 hadi 384, alitunga mashairi ya kuwakumbuka mashahidi waliozikwa katika makatakombe ya Roma. Kazi ya kuyatia kwenye marumaru alimpa Furius Dionysius Filocalus, aliyebuni herufi kubwa zilizopimwa kwa uangalifu, zenye ncha zilizojikunja kidogo. Wataalamu hadi leo huzitambua kwa kuzitazama tu, na huziita kwa jina la fundi huyo. Tuone kilichofanyika hapo: Papa hakuridhika kwamba maneno yawe mazuri, alitaka pia yavae sura inayostahili damu ya mashahidi. Herufi zile ni za heshima na zimetulia, nazo zinasomeka hata kwa mwanga hafifu wa chini ya ardhi.

Biblia ya Johannes Gutenberg, iliyokamilika mjini Mainz, Ujerumani, takribani mwaka 1455, ilichapwa kwa herufi nyeusi, nene, zenye pembe, zikiiga mwandiko wa vitabu vya ibada vya wakati ule. Miaka kumi baadaye, katika monasteri ya Wabenediktini ya Mtakatifu Skolastika huko Subiaco, Italia, wachapaji Conrad Sweynheym na Arnold Pannartz walikuwa wakitumia herufi zilizoanza kuwa za mviringo na nyepesi zaidi. Herufi tunazozisoma leo zimetoka upande huo wa Italia.

Kuna kisa kingine ambacho waamini wachache wanakijua. Herufi za mlazo, zile zinazoinamia kulia, zilionekana katika chapa kwa mara ya kwanza mwaka 1500, katika toleo la barua za Mtakatifu Katarina wa Siena lililotolewa Venezia na Aldus Manutius. Zilikuwa maneno machache tu ya kumtaja Yesu kwa upendo, yaliyowekwa kwenye picha ya mtakatifu huyo, katika kitabu na moyo alivyovishika mikononi. Mwaka uliofuata ndipo mchapaji huyo alipotoa kitabu kizima kwa herufi hizo, zilizochongwa na Francesco Griffo. Mlazo ulitokana na mwandiko wa haraka wa mkono, na hadi leo umebaki na sauti ya mtu anayesema kwa upole au anayewaza moyoni. Ndiyo maana unafaa kwa sala fupi chini ya picha, na haufai kwa kurasa 20 mfululizo.

Kwa waamini wa Dodoma, mfano wa karibu zaidi ni alama ya Wapasionisti, wamisionari waliofika katika nyanda hizi kutoka Italia katika miaka ya 1930. Dodoma ilifanywa kuwa eneo la utume chini ya Prefekti wa Kitume mwaka 1935, ikawa jimbo mwaka 1953, kisha jimbo kuu mwaka 2014. Na Kanisa Kuu letu limewekwa chini ya usimamizi wa Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika hilo. Alama yao ni moyo mweusi wenye msalaba juu yake, na ndani yake maneno JESU XPI PASSIO, yaani Mateso ya Yesu Kristo, pamoja na misumari mitatu. Neno la katikati ni ufupisho ulioazimwa kutoka herufi za Kigiriki za jina Kristo. Herufi zote ni nyeupe, kubwa, zimesimama wima. Hakuna ua, hakuna kivuli, hakuna mkunjo. Jambo zito kuliko yote katika imani yetu limeandikwa kwa herufi za kawaida kabisa, na mtu anayeitazama alama hiyo hahitaji kuambiwa kwamba anapaswa kunyamaza.

Familia za fonti na sauti zake

Fonti ni nyingi, lakini familia zake kubwa ni chache. Ya kwanza ni ya herufi zenye vikia, yaani vijistari vidogo mwishoni mwa kila mhimili wa herufi. Humo mna Times New Roman, Garamond, Georgia na Gentium. Sauti yake ni ya utu uzima: kitabu, sala, barua rasmi, wasifu wa marehemu. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London chini ya usimamizi wa Stanley Morison, Mwingereza aliyejiunga na Kanisa Katoliki akiwa kijana, na ilianza kutumika gazetini humo tarehe 3 Oktoba 1932. Morison alisisitiza katika maandiko yake kwamba mpangilio wa chapa upo kwa ajili ya msomaji, na kwamba mchapaji asijitokeze mbele ya maneno. Wapo wanaoidharau fonti hii kwa kuwa imezoeleka mno. Sisi hatuoni aibu yoyote kuitumia katika kitabu cha ibada.

Familia ya pili haina vikia: Arial, Helvetica, Calibri na nyingine za aina hiyo. Hizi zinazungumza wazi na bila kuzunguka, kama mtu anayetoa tangazo baada ya Misa. Zikikozwa huwa kama mtu aliyepaza sauti. Zikiwa nyembamba sana huonesha ubaridi au anasa, ndiyo sababu maduka ya manukato huzipenda. Familia ya tatu huiga mwandiko wa mkono, kwa brashi au kwa kalamu. Hizi hubeba upendo, ukaribu na sherehe. Ya nne ni herufi nzito za Kigothi, kama Old English Text, zinazoonekana kwenye vyeti. Hudokeza ukale na mamlaka, lakini kijana wa leo huenda akazihusisha zaidi na fulana za wanamuziki wa hip hop. Nyingine zote ni za mapambo: zinazodondosha damu, zilizojaa nyota, zilizoumbwa kama mbao au puto.

Mwaka 1923, nchini Marekani, A. T. Poffenberger na R. B. Franken walichapisha utafiti uliowauliza watu ni herufi zipi zinafaa kwa bidhaa na sifa zipi. Suala hili basi limekuwa mikononi mwa wanasayansi kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo tusifanye kana kwamba hisia imefungiwa ndani ya herufi kama kokwa ndani ya embe. Sehemu kubwa hujengwa na mazoea. Huko Ujerumani herufi za Kigothi zilikuwa za kila siku, za gazeti na za hadithi za watoto, mpaka utawala wa Wanazi ulipoziondoa katika matumizi rasmi mwaka 1941. Mgeni anayezihusisha na Wanazi pekee anashangaa kusikia habari hiyo. Vivyo hivyo hapa kwetu. Bibi wa Bihawana amezijua herufi kupitia kitabu cha nyimbo na kadi ya kliniki. Mjukuu wake amezijua kupitia matangazo ya kubahatisha na mabango ya matamasha. Fonti moja haiwafikii kwa sauti moja, na mwandaaji anapaswa kujua ni nani kati yao atakayesimama mbele ya bango.

Kuhusu Comic Sans tuseme neno, kwa kuwa imesambaa sana maparokiani. Ilibuniwa na Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft mwaka 1994, ikiiga maandishi ya vitabu vya katuni. Si fonti mbaya. Herufi zake hazifanani moja na nyingine, na watu wengine wenye shida ya kusoma huipata kuwa rahisi. Kwa Utoto Mtakatifu inafaa. Lakini mwaka 2013, Papa Benedikto XVI alipong'atuka, Vatikano ilitoa mtandaoni albamu ya picha za kumuenzi, na maelezo yake yalikuwa kwa fonti hiyo. Vyombo vya habari vya mataifa mbalimbali vilijikuta vinajadili herufi badala ya miaka minane ya utume wa Baba Mtakatifu. Picha zilikuwa nzuri, nia ilikuwa njema, na bado herufi za katuni zilivuta macho kwao zenyewe.

Kiswahili, Kigogo, Kɨlaangi

Washauri wengi wa usanifu huandika wakiwa na Kiingereza akilini. Lugha zetu zina mahitaji yake. Kiswahili kimejaa irabu, na irabu moja hubadili kila kitu. Katika fonti nyingi za mwandiko wa mkono, herufi o haifungwi vizuri juu, ikafanana na u. Chukua kadi ya mchango inayosema kwamba kijana wetu anaoa. Ikisomwa vibaya, kijana wetu anaua. Tunacheka, lakini wazazi waliogharimia kadi 300 hawatacheka. Hali ni hiyo hiyo kwa a na o: neno lenye a nne mfululizo, ambayo kwetu ni kawaida, huwa msururu wa viduara visivyotofautiana.

Maneno yetu pia ni marefu. Neno kama tunawakaribisha au watakaomsindikiza haliingii kwenye mstari mmoja wa fulana kwa fonti pana, na mwandaaji hulibana mpaka herufi zikakunjamana. Afadhali kubadili fonti kuliko kulikandamiza neno.

Kisha kuna kile kistari cha juu cha ng'. Waamini wa Chang'ombe na wa Ng'hong'honha wanajua tunachosema. Fonti nyingi za mapambo zinazopakuliwa bure hazina alama hiyo. Mahali pake hutokea kisanduku kitupu au nafasi, na jina la mahali hukatika vipande viwili. Na jina la Ilazo likiandikwa kwa Arial, herufi zake mbili za kwanza ni vijiti viwili visivyo na tofauti.

Kondoa, jimbo lililomegwa kutoka Dodoma mwaka 2011, lina jambo lake tena. Kɨlaangi, lugha ya Warangi, kina irabu saba, na huandikwa kwa kutumia pia herufi ɨ na ʉ. Fonti isiyo na herufi hizo humfanya kompyuta azichukue kutoka fonti nyingine bila kuuliza, na neno huonekana kama shati lililotiwa kiraka cha rangi tofauti. Mtu anayeona lugha ya mama yake imeandikwa hivyo juu ya karatasi ya Kanisa hupata ujumbe ambao hakuna aliyeukusudia, kwamba lugha yake ni ya kubandikwa tu.

Dawa ipo, na haina bei. Shirika la SIL, linaloshughulikia lugha ndogo na tafsiri za Biblia, limetengeneza fonti inayoitwa Andika, jina lililotolewa kwenye Kiswahili chetu hiki. Ilikusudiwa kwa watu wanaoanza kujifunza kusoma, hivyo herufi zake zimebuniwa zisichanganyikane. Shirika hilo hilo limetoa Gentium, yenye vikia, jina linalomaanisha ya mataifa kwa Kilatini. Zote mbili zina herufi za Kɨlaangi na alama nyingi za lugha za Afrika, na zinatolewa kwa leseni huria. Tunazitaja kwa makusudi, kwa sababu fonti nyingine zina wenyewe, nao wanaziuza. Kunakili fonti ya kulipiwa bila idhini ni kuchukua jasho la mtu, na amri ya saba haikuondoa kompyuta.

Lakini hata fonti nzuri isidhaniwe kuwa ndiyo kila kitu. Tazama kanga. Maneno yake zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi, na kwa kawaida ni herufi kubwa za wazi zisizo na pambo. Kwa herufi hizo hizo kanga hubembeleza, hukemea, hupongeza na kutoa pole. Hisia yote imo katika neno lililochaguliwa, na mapambo yameachiwa maua na pindo. Mwandaaji wa bango la parokia angeweza kukaa saa moja mbele ya duka la kanga akajifunza mengi.

Mazishi, harusi, michango

Mahali ambapo uchaguzi wa fonti unaumiza zaidi ni msibani. Kitabu kidogo cha ibada ya mazishi huandaliwa usiku, kwa haraka, na mtu ambaye pengine naye anaomboleza. Hufungua kiolezo kilichopo, na violezo vingi vilitengenezwa kwa harusi: dhahabu inayong'aa, njiwa, jina kwa mwandiko wenye mikia mirefu. Asubuhi mjane anapewa kitabu ambacho jina la mumewe limeandikwa kama la bwana harusi. Hatasema kitu. Ataking'ang'ania kwa kuwa kina picha. Sisi tuliosimama nyuma yake ndio tunaopaswa kuona.

Pia kuna kosa la upande wa pili, la kuifanya karatasi nzima iwe nyeusi na ya kutisha, kwa herufi za filamu za mizimu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, namba 81, uliagiza kwamba ibada ya mazishi ioneshe wazi zaidi tabia ya kipasaka ya kifo cha Mkristo. Tunaona basi kwamba jina la marehemu litafaa kwa herufi zenye vikia, wima, za ukubwa wa wastani, likiwa na nafasi nyeupe ya kutosha kulizunguka. Tarehe zake chini kwa fonti hiyo hiyo. Sala na nyimbo kwa ukubwa usiopungua pointi 13 au 14, kwa kuwa wanaosoma ni wazee wenye macho yaliyojaa machozi. Herufi zisiwe na kivuli wala mwango. Akiwa ni mtoto aliyefariki, tunakubali herufi laini zaidi, zenye mviringo. Hapo wazazi waulizwe, na wanachokipenda kifuatwe.

Harusi ina uhuru zaidi. Majina ya maharusi yawe kwa mwandiko wa mkono, hakuna ubaya. Ni siku yao. Mahali, saa na jina la kanisa viwe kwa fonti ya wazi. Fonti mbili zinatosha kadi yoyote. Ikifika ya nne, kadi huwa kama wageni wanne wanaozungumza kwa pamoja.

Michango inataka uangalifu ambao si wa uzuri tu. Bango la kujenga kigango likiandikwa kwa herufi nene za manjano zilizoinama, zenye miale nyuma yake, linafanana na tangazo la bahati nasibu, na muumini aliyewahi kutapeliwa kwa simu ana haki ya kusita. Zaidi ya hapo, tarakimu ndizo zenye hatari. Namba ya simu ya kutumia mchango ikiandikwa kwa fonti ambayo 1 inafanana na 7, au 3 inafanana na 8, sadaka ya mjane huenda kwa mtu asiyemjua, na kuirudisha si rahisi. Tarakimu ziwe kwa fonti isiyo na pambo, zikatengwa kwa mafungu matatu matatu, na jina la akaunti litakaloonekana kwenye simu liandikwe chini yake kwa fonti hiyo hiyo.

Matangazo ya ulinzi na usalama wa watoto yawe wazi kabisa, bila michoro ya kuchekesha. Mtoto au mzazi anayetafuta msaada lazima aone kwamba tunasema kwa dhati. Hapa tuna maoni juu ya fonti moja. Gill Sans, ya mwaka 1928, ni kazi ya Eric Gill, Mkatoliki aliyechonga pia Njia ya Msalaba katika Kanisa Kuu la Westminster, London. Wasifu wake uliochapishwa mwaka 1989 ulidhihirisha kwamba aliwadhulumu binti zake kijinsia. Watu wanabishana kama kazi ya mikono itenganishwe na dhambi ya mtu. Mjadala huo hatuuamui hapa, lakini kwenye tangazo la kuwalinda watoto tutatumia fonti nyingine, maana zipo tele.

Jua, vumbi na mwanga wa kanisani

Mji wa Dodoma uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake ni kirefu, chenye jua kali, upepo na vumbi. Bango lililopendeza kwenye kioo cha kompyuta huwa jingine kabisa baada ya miezi miwili kwenye uzio wa kanisa. Mistari myembamba ya herufi ndiyo hutoweka kwanza. Herufi za kukaa nje ziwe na unene wa kutosha, zenye nafasi kati yake, na zitofautiane sana na rangi ya nyuma.

Watengeneza mabango hukadiria kwamba herufi yenye kimo cha sentimeta 2.5 husomeka vyema kwa umbali wa mita 3 hivi. Bango linalotakiwa kusomwa kutoka mita 40 lahitaji basi herufi za sentimeta 33. Na dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, hivyo ana sekunde tatu tu za kulisoma. Katika sekunde tatu mtu husoma maneno matano au saba. Nabii Habakuki, sura ya 2, aliagizwa na Bwana ayaandike maono yake juu ya vibao kwa uwazi ili msomaji asikwame. Mabango yetu mengi yana orodha ya viongozi 12, nembo sita na kaulimbiu ya mistari minne.

Ndani ya kanisa tatizo hugeuka. Projekta nyingi ni dhaifu mbele ya mwanga wa madirishani, na nyimbo zikiandikwa kwa mwandiko wa mkono mweupe juu ya picha ya maua, waamini huacha kuimba. Herufi nene kiasi, juu ya rangi moja tulivu, mistari mitano au sita kwa ukurasa, zitarudisha sauti za watu. Masomo ya Misa yasisomwe kutoka karatasi iliyopambwa: Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 349, yanataka vitabu vya liturujia, hasa Kitabu cha Injili na vya masomo, viwe vya hadhi na vya kupendeza kweli. Misale yenyewe hutumia rangi mbili tu kwa kazi mbili: nyeusi kwa yanayosemwa, nyekundu kwa maelekezo. Neno rubrika limetokana na wekundu huo.

Kabla ya kupeleka steshenari

Chapisha nakala moja ya mfano kwa rangi nyeusi, maana nakala nyingi za kitabu cha mazishi hatimaye hutolewa kwenye mashine ya kunakili, na rangi hupotea. Iweke mezani, rudi hatua kadhaa, uitazame. Mpe mtu mzima ambaye hakushiriki kuiandaa aisome kwa sauti. Mahali anapokwama ndipo fonti imeshindwa. Kwa kazi ya msiba, ondoa maneno yote ukayaweka majina ya maharusi badala yake: kama karatasi inaonekana imekaa vizuri zaidi hivyo, badili fonti.

Faili lipelekwe likiwa PDF lenye fonti ndani yake. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia, kompyuta hiyo huweka nyingine bila kutoa taarifa: mistari husogea, kurasa 8 huwa 9, picha ya marehemu hushuka ukurasa wa pili na alama ya ng' hupotea. Steshenari haitajua kwamba haikuwa hivyo ulivyoipanga. Mwombe mhudumu akuoneshe ukurasa wa kwanza uliotoka, uusome jina, tarehe na namba za simu tarakimu kwa tarakimu, ndipo umruhusu kutoa nakala zilizobaki.